Joto la Guangzhou, maji ya moto na supu ya choroko

Ukifika Guangzhou mwezi wa saba ukaingia mgahawani umeloa jasho mpaka kwenye soksi ukaomba maji, utaletewa ya moto, tena yanafuka moshi. Usigombane na mhudumu jamani. Hajakudharau, amekupa kile ambacho angempa mama yake mzazi, na ukimuuliza barafu iko wapi atakuangalia kwa huruma fulani hivi, yaani huyu mtu anataka kuugua makusudi.

Sasa kwa vile kila joto likianza naulizwa maswali yaleyale, tunywe nini, tule nini, hizi dawa za Kichina za msimu wa joto zinasaidia kweli au ni hadithi tu, nimeamua niandike mara moja halafu niwe natuma linki. Mi siyo dokta. Naishi hapa, nina marafiki wanaosomea hii tiba chuoni, na nina jirani, ayi mmoja (ndo wanavyomwita mama wa makamo) wa ghorofa ya tatu, ambaye hajasomea chochote ila akikuona tu kwenye lifti anakwambia toa ulimi nje, na anamaanisha.

Kitu cha kwanza cha kuelewa ni kwamba tiba ya Kichina haikuambii ujipoze. Wengi wanakosea hapo. Joto likiwa kali, sisi akili inakimbilia barafu, soda ya friji, AC kwenye digrii 16, na wao wanasema hapo ndo unajiumiza. Mantiki yao iko hivi: kiangazi ile nguvu ya joto ya mwili, yang, inapanda juu na kutoka nje kwenye ngozi, ndo maana unatoka jasho na uso unawaka, lakini ikishatoka nje huku ndani kunabaki kutupu. Tumbo wakati huo ni jiko lililobakiwa na makaa mawili matatu, ukilimwagia glasi ya barafu limezimika, na likizimika chakula hakisagiki, tumbo linajaa gesi, unaharisha, unalala na uchovu unaamka na uchovu. Kwa hiyo kazi ya kiangazi kwao ni mbili tu, acha jasho litoke, na linda tumbo lisipoe. Ukishika hizo mbili, mengine mengi unaweza kuyakisia mwenyewe.

Na siyo maneno ya kina mama wa lifti peke yao. Huangdi Neijing, kile kitabu cha tiba cha miaka kama 2000 iliyopita ambacho kila dokta wa hii fani anaanza nacho, kina sehemu nzima ya namna ya kuishi kufuatana na misimu, na kwa miezi mitatu ya joto kinasema ulale usiku umeingia, uamke mapema, usilichukie jua, na usiwe na hasira. Hiyo ya hasira nilikuwa naiona kama mapambo tu, kumbe kwao ina mahali pake, kiangazi ni msimu wa moyo, moyo ni moto, na ukiongeza hasira juu ya digrii 35 unajitafutia kukosa usingizi na mapigo ya moyo kwenda mbio. Kuna sehemu nyingine kwenye kitabu hichohicho inasema kipindi cha masika na kiangazi uilishe yang, kipindi cha vuli na baridi uilishe yin, ile nguvu ya ubaridi iliyo kinyume cha yang. Yaani kwenye joto unalisha joto. Ndo maana kuna msemo kila Mchina anaujua, majira ya baridi kula figili, kiangazi kula tangawizi, hutahitaji dokta akuandikie dawa.

Tangawizi kiangazi! Nilibishana sana na hilo, ila ukiangalia wanavyoitumia siyo kijinga, ni vipande viwili vitatu kwenye supu ya samaki au kwenye maji asubuhi, na wanasisitiza asubuhi, siyo usiku.

Haya, kalenda. Huwezi kuongelea afya ya kiangazi China bila kalenda maana kila kitu kinapangwa nayo. Mwaka wao una vipindi 24 vya jua, UNESCO waliviingiza kwenye orodha ya urithi usioshikika mwaka 2016, na kiangazi kinaanza na Lixia pale tarehe 5 au 6 Mei, kinapita Xiazhi, siku yenye mchana mrefu kuliko zote, tarehe 21 Juni hivi, Xiaoshu (joto dogo), halafu Dashu tarehe 22 au 23 Julai ambayo maana yake ndo hiyohiyo, joto kubwa. Lakini kipindi ambacho watu wanakiogopa kweli ni sanfu, yaani fu tatu, siku za joto kali kuliko zote, na hesabu yake inafurahisha kidogo. Siku zao zinazunguka kwa majina kumi, moja linaitwa geng. Unahesabu geng ya tatu baada ya Xiazhi, hiyo ndo fu ya kwanza, geng ya nne ni fu ya kati, halafu geng ya kwanza baada ya Liqiu, yaani mwanzo wa vuli tarehe 7 au 8 Agosti, ndo fu ya mwisho. Ya kwanza na ya mwisho ni siku kumikumi, ya kati inaweza kuwa kumi au ishirini kutegemea geng zimeangukia wapi, kwa hiyo mwaka 2024 sanfu ilikuwa siku 40, na 2025 ikawa 30 watu wakashangilia mitandaoni kama vile serikali imetangaza likizo. Japo hali ya hewa haisomi kalenda. Agosti 18, 2022 kule Beibei, Chongqing, ilifika digrii 45, na mwaka uliofuata Julai kule Sanbao karibu na Turpan ikafika 52.2, hapo hata mtu wa tangawizi anatafuta kivuli.

Huku kusini kwetu shida yenyewe ni unyevu. Digrii 33 za Guangzhou zinachosha kuliko namba zinavyosema kwa sababu jasho halikauki, limekaa tu hapo. Tiba ya Kichina ina maadui sita wa nje, upepo, baridi, joto la kiangazi, unyevu, ukavu na moto, na huku joto na unyevu vinatembea pamoja. Dalili za unyevu ayi wangu anazitaja bila kupumua: mwili mzito, kichwa kizito, hamu ya kula imekata, choo kinanata, ulimi una utando mzito mweupe au wa njano na pembeni una alama za meno. Na dawa yake ya kwanza kwa unyevu ni jikoni, nafaka nyeupe za yiyiren zilizokaangwa kidogo bila mafuta halafu zikachemshwa na maharage madogo mekundu, au supu ya donggua, lile tunda kubwa la familia ya mumunye lenye ngozi ya kijani, lipikwe na ngozi yake maana wanasema ngozi ndo inayotoa maji mwilini. Karela nayo imo, uchungu ndo ladha ya moyo kwenye hesabu zao, ikikaangwa na mayai hata mtoto anakula. Tikitimaji wanalisifu mpaka wanaliita baihu tang ya asili, baihu tang ikiwa ni dawa ya zamani ya homa kali kutoka kwa tabibu Zhang Zhongjing wa enzi ya Han, lakini hapohapo wanakukataza kulitoa kwenye friji na kulikwangua nusu zima na kijiko. Ambacho ndo kila mtu anafanya.

Sasa liangcha. Hii ni kitu ya Guangdong hasa, chai chungu ya mitishamba, na vibanda vyake viko kila kona. Ukisimama pale mbele unaona yale mabirika makubwa ya shaba, vikombe vya plastiki vimepangwa vimefunikwa, na kwenye ukuta orodha ndefu ya majina, hii ya koo, hii ya kikohozi, hii ya unyevu, hii ya kukosa usingizi. Ile inayoitwa ershisi wei, yaani mimea 24, ni nyeusi ti, na uchungu wake hauji palepale, unameza kwanza unajiona shujaa halafu unafika nyuma ya ulimi unakaa hapo unakuangalia. Muuzaji anakupa kipande cha ganda la chungwa lililokaushwa na sukari, unakiweka mdomoni maisha yanarudi. Mwaka 2006 liangcha iliingia kwenye orodha ya kwanza ya urithi wa taifa, na jina maarufu kuliko yote, Wanglaoji, linarudi nyuma mpaka 1828. Ila ile ya kopo jekundu ya supamaketi, tuseme ukweli, ile ni kinywaji kitamu, sukari tele, usiniambie unakunywa dawa.

Na hapa watu wengi wanaingia mkenge. Liangcha kwa asili yake ni baridi, hata ukiinywa ya moto, baridi hapa wanamaanisha tabia ya dawa. Ni ya mtu mwenye moto ndani: koo linawasha, vidonda mdomoni, chunusi zimetoka ghafla, choo kigumu, mkojo wa njano sana. Kama wewe tumbo lako ni lile la kuharisha kila ukila kitu cha baridi, mikono na miguu inapoa hata kwenye joto, hii siyo yako. Muuzaji mzuri anakuuliza, na mwanamke aliye kwenye siku zake au mjamzito anaambiwa asinywe, tena kwa ukali. Mi hicho ndo nakipenda kwenye hii tiba na ndo hichohicho kinawashinda wanaoishi kwa video fupi za simu, wanataka kinywaji kimoja cha kiangazi kwa watu wote, na hakipo.

Cha karibu zaidi na hicho ni supu ya choroko. Lüdou tang wanaipika China nzima, kaskazini na kusini, viwandani, mashuleni, kambi za jeshi. Hata kanuni za kazi za joto kali za mwaka 2012 zimegusa habari ya vinywaji, mwajiri lazima awape wafanyakazi vinywaji vya kupunguza joto, na hivyo vinywaji haviwezi kuhesabiwa badala ya posho ya joto, ambayo Guangdong ni yuan 300 kwa mwezi kuanzia Juni mpaka Oktoba kwa wanaofanya kazi kwenye joto la 35 na zaidi. Yaani bosi hawezi kukumiminia bakuli la choroko akakata hela. Nimeipenda sana hiyo.

Kuipika ni rahisi ila kuna siri. Kuna supu mbili ndani ya sufuria moja. Osha choroko, loweka kama nusu saa, maji yachemke kwanza halafu ndo uzimwage, funika, moto mkubwa, na baada ya dakika nane kumi hivi kabla hazijapasuka chota yale maji. Yanakuwa ya kijani safi na ndo wanayosema yanaondoa joto, hayo unakunywa na chumvi kidogo sana kama umetoka jasho jingi. Kisha ongeza maji, endelea mpaka zipasuke na kuwa uji, weka sukari ya mawe, hiyo ni ya kushiba na kulainisha tumbo. Kama yako inatoka nyekundu kila siku usidhani umeuziwa choroko mbovu, ni ile rangi ya kwenye ganda inakutana na hewa na maji magumu ya bomba inabadilika, tumia maji yaliyochujwa, funika vizuri, au kamulia matone ya limau. Na iache ipoe yenyewe mezani. Ayi akikuona unaweka barafu ndani ya lüdou tang atakusema mpaka ufike ghorofa yako.

Tuje kwenye dawa yenyewe inayoleta ubishi kila mwaka, huoxiang zhengqi shui. Vile vichupa vidogo vya kahawia, kila nyumba vipo, harufu yake ikifunguliwa mtaa mzima unajua. Watu wanaibeba kama dawa ya joto, mtu kasimama juani kizunguzungu kimemshika wanammiminia kichupa. Kumbe ile ni dawa ya kupasha! Mapishi yake yanatoka kwenye kitabu cha famasi ya serikali enzi ya Song, ndani kuna majani ya huoxiang na zisu, ganda la chungwa, na wenzake, karibu wote wa tabia ya joto na wa kukausha unyevu, na imetengenezwa kwa yule ambaye joto la nje limemkuta na baridi ndani: kashinda kwenye AC, kanywa bia za friji, kala dagaa wabichi, usiku tumbo linakata, anatapika, anaharisha, mwili una baridi kidogo na kichwa kizito. Kwa huyo inafanya kazi vizuri mno, nimeiona. Kwa aliyekaushwa na jua, uso mwekundu, kiu kali, mwili unawaka, unamuongezea moto.

Halafu ile ya maji, shui, ina alkoholi asilimia 40 mpaka 50. Siyo utani. Usiendeshe gari baada ya kuinywa maana ile mashine ya polisi ya kupulizia haitasikiliza hadithi yako, usimpe mtoto, na kama uko kwenye antibiotiki za jamii ya cefalosporini usiiguse kabisa, zikikutana na alkoholi uso unaiva, moyo unakimbia, presha inaweza kushuka vibaya, watu wanaishia emajensi. Ipo ya aina nyingine isiyo na alkoholi, famasini waulize hiyo koufuye, na soma karatasi ya ndani.

Sanfutie nayo naulizwa. Hizi ni plasta zinazobandikwa mgongoni siku za sanfu, juu ya pointi za mapafu na ile ya chini ya shingo, ndani kuna unga wa haradali nyeupe na mitishamba ya yanhusuo, xixin na gansui, uliokandwa na maji ya tangawizi. Wazo ni kutibu ugonjwa wa baridi wakati wa kiangazi, pumu, mafua ya aleji, kikohozi cha kila majira ya baridi, ukiwa umepona ndo unajenga ukuta. Dokta Zhang Lu wa enzi ya Qing aliandika njia hii kwenye kitabu chake cha 1695. Siku ya fu ya kwanza foleni hospitali za jadi zinaanza alfajiri, wazee na wajukuu, wengine wanakuja na vikiti vyao. Ukibandikwa kwanza husikii kitu, baadaye joto, halafu kuwasha, halafu unaanza kuangalia saa. Mtu mzima anakaa nayo masaa machache, mtoto muda mfupi zaidi, na likianza kuunguza unabandua palepale, usijifanye mgumu, maana malengelenge yanatoka kweli na makovu yanabaki. Mjamzito, mwenye homa, mwenye ngozi ya aleji au kidonda, hapana. Mi msimamo wangu ni kwamba kama una pumu, plasta haikutoi kwenye inhela yako, tumia zote mbili ukitaka ila usiache ile inayokufungua pumzi. Na usinunue za mtandaoni za kujibandikia, xixin na gansui siyo vitu vya kuchezea.

Mambo madogo madogo ambayo hayagharimu kitu: lala mchana kidogo, saa tano mpaka saa saba mchana kwenye saa zao za mwili ni saa ya moyo, na ofisi nyingi hapa watu wanalaza vichwa mezani taa zinazimwa kabisa. AC iweke 26 na upepo usikupige shingoni wala tumboni. Ukitoka juani usiingie bafuni ukajimwagia maji ya baridi kali hapohapo, jifute, kaa kidogo, oga ya uvuguvugu. Zoezi fanya alfajiri au jioni, utoke jasho jembamba, siyo la kumwagika. Harara za watoto wanaogesha na maji yaliyochemshwa na jinyinhua, yale maua membamba ya njano na nyeupe. Guasha, kule kukwanguliwa mgongo mpaka uwe mwekundu, mimi sijawahi kuwa rafiki yake, ila wapo wanaoapa kwamba kichwa kizito kinaisha palepale.

Ila hapa nisieleweke vibaya. Mtu aliyezidiwa na joto, mwili umefika 40, anaongea ovyo, anayumba, amezimia au anatetemeka degedege, huyo siyo mgonjwa wa chai wala wa kukwanguliwa, ni kiharusi cha joto na kinaua. Piga 120, namba ya ambulensi ya hapa China, mpeleke kivulini, mvue nguo, mmwagie maji, mpepee, na kama hajitambui usimmiminie kitu chochote mdomoni. Hapo kanuni ya usipoze mwili inawekwa kando kabisa, poza kwa nguvu zote. Marafiki zangu wanaosomea hii tiba wanasema hivyohivyo.

Wale waliokuwa wananidai vipimo vya suanmeitang, ile juisi nyeusi ya plamu za kuvukizwa moshi, chukueni: wumei (ndo hizo plamu) kiganja kimoja, shanzha kavu, yale matunda madogo mekundu machachu, kiganja, maua ya rozela makavu machache ya kuleta rangi, ganda moja la chungwa kavu, vipande vitatu vinne vya gancao, ule mzizi mtamu. Loweka nusu saa, chemsha kwenye lita mbili za maji kwa moto mdogo dakika arobaini hivi, sukari ya mawe iingie mwishoni, onja, ikiwa kali sana ongeza maji kwanza kabla ya sukari. Zima moto ndo unyunyize guihua, yale maua madogo yanayonukia, ukiyachemsha harufu yote inakwenda. Mwenye vidonda vya tumbo asinywe akiwa na njaa. Inakaa friji siku mbili, na ndiyo, mimi naitoa friji nusu saa kabla ya kunywa, ayi asijue.